Kamera Gani? Keti Kwanza Nikuhadithie

Kila wiki naulizwa swali moja: dada, ninunue kamera gani? Mmoja ana elfu kumi na tano, mwengine ashachanga elfu sitini za kibarua, mwengine hana hata ndururu lakini ameshatazama video arubaini za kulinganisha lenzi. Wote wataka niwatajie jina na nambari, basi, wakanunue. Nitawajibu. Ila nitapita njia ndefu kidogo, kwa sababu mimi swali hili nilijibiwa kwa njia fupi, na jibu lenyewe likanitokea puani.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Canon ya mtumba, ya zamani, imefutika rangi hapo kwenye kidole. Nikaambiwa lenzi yake ya kawaida si kitu, chukua ya zumu, ile ndefu ya milimita 75 hadi 300. Aliyeniuzia alijisifu nayo: "Na hii utampiga mtu yuko ng'ambo ya Nyali, na hatajua." Nikaona hapo ndo pa kutoa pesa. Hatajua! Mimi mtoto wa Mji wa Kale, muoga wa kumwambia mtu "samahani nikupige picha", nikaona nimepata dawa.

Ijumaa moja baada ya Alasiri nilisimama kwenye kona upande wa Bandari ya Kale, nikaielekeza lenzi ndani ya kichochoro. Kule mwisho palikuwa na bibi mmoja ameketi barazani kwake, ungo mapajani, achagua mchele. Leso imemteremka mabegani. Jua limepiga mlango wa nakshi nyuma yake na nywele zake nyeupe zote zang'aa. Picha nzuri, sitasema uongo, ni nzuri hadi leo kichwani mwangu. Niliiweka mtandaoni usiku huo huo, na kufika Isha ya siku ya pili ilikuwa imependwa na watu zaidi ya elfu mbili, wengine wako Oman huko, waandika "nyumbani ni nyumbani".

Kesho yake mjukuu wake akaja kubisha hodi kwetu. Hakupiga kelele. Alimwamkia mamangu vizuri, kisha akanambia, "Dada, nyanyangu miaka sabini hajatoka nje kichwa wazi. Wewe umemtoa mbele ya dunia nzima."

Niliifuta mbele yake. Mamangu akanishika mkono, akanipeleka kuomba radhi. Yule bibi alinitazama, akaitazama kamera, akaniuliza, "Kwani mie ni samaki, mwanangu, hata univue na mshipi mrefu hivyo?" Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu akaitaka kamera, akaipima uzito mkononi, akasema kitu ambacho ndicho kilichonifanya nikaanza kusoma historia ya picha ya pwani hii: "Ya kule studio, siku zetu, ilikuwa kubwa kuliko hii. Lakini mwenyewe alikuwa hapa," na akaonyesha sakafu baina yetu. Hatua tatu, nne.

Sasa tuingie kwenye hiyo historia.

Kamera ilifika pwani hii mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Daguerre alitangaza ugunduzi wake Paris mwaka 1839. Miaka saba tu baadaye, nahodha Mfaransa Charles Guillain alianza safari ya kuipeleleza pwani ya Afrika Mashariki, kati ya 1846 na 1848, na msafara wake ulibeba mtambo wa kupigia picha kwa njia hiyo ya Daguerre. Picha ilitoka juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Ukipigwa, utulie tuli kama umekufa, la sivyo uso unakuwa moshi. Na picha ilikuwa moja tu, haina nakala. Nyuso zile za watu wa pwani zilikwenda Ufaransa, zikachorwa upya kwenye mawe ya chapa, zikatiwa vitabuni. Waliopigwa walibaki hapa bila chochote mkononi.

Baadaye zikaja studio. Kabla ya karne ya 19 kuisha, wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walikuwa wakifanya kazi Zanzibar. Huku Mombasa reli ya Uganda ilianza kujengwa 1896, na W. D. Young akawa anapiga picha za ujenzi wake, madaraja, mataruma, vibarua. Ukienda leo kutafuta picha kongwe za kisiwa hiki, nyingi utakazoziona ni za zama hizo: barabara ya Ndia Kuu ikiwa na reli ndogo za troli za kusukumwa na watu, majahazi bandarini, Ngome ikiwa bado jela.

Na kadi za posta. Hapa nataka tukae kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 dunia nzima ilikuwa na wazimu wa kadi za posta, na pwani yetu ilikuwa bidhaa nzuri. Mwanamke amekaa mkekani, amevaa leso na vipuli, chini pameandikwa kwa lugha ya kigeni "mwanamke wa Kiswahili". Jina hana. Mtaa hana. Kadi hiyo hiyo ilinunuliwa na baharia, ikatiwa stempu, ikaenda kwa shangazi yake kule Ulaya. Prita Meier, mwanahistoria wa sanaa aliyetoa kitabu mwaka 2024 kuhusu historia ya picha katika pwani ya Waswahili, amelichimba sana jambo hili. Tukumbuke tu kwamba utumwa Zanzibar ulipigwa marufuku 1897, na huku kwetu 1907. Kwa hiyo mtu akikwambia "lakini yule alikubali kupigwa", muulize: alikuwa na nafasi ya kukataa?

Hapo nikajikuta nimekwama, kwa sababu nilikuwa nshaamua kuwa makosa yangu yote ni ya ile lenzi ndefu. Sasa hawa wapiga kadi za posta walikuwa na makasha ya mbao yenye miguu mitatu, na vioo vizito vya kupokea picha, na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Hakuna zumu hapo. Walisimama hatua tatu au nne, pale pale alipoonyesha bibi. Na bado waliivua picha kama samaki. Kumbe umbali si wa milimita peke yake. Kuna umbali wa pili: picha ikishapigwa inakwenda wapi, na nani ataamua.

Shika hilo swali la pili, tutalirudia.

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya Brownie. Kisanduku cha karatasi ngumu, lenzi moja nyepesi, kitufe kimoja, bei yake dola moja ya Marekani. Wenye kamera za heshima waliicheka. Lakini ndiyo iliyoitoa picha mikononi mwa mafundi, ikaingia majumbani. Mohamed Amin, yule Mkenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia 1984 ziliitikisa dunia, alianza utotoni Tanganyika na kisanduku cha aina hiyo, tena cha mtumba. Namtaja kwa ajili ya wale wenye elfu kumi na tano wanaoona haya. Kisanduku kile hakina cha kurekebisha: jua likiwa mgongoni mwako unapata picha, likiwa mbele yako huipati. Mtoto anajifunza jua liko wapi. Sisi tuna kamera zenye menyu kurasa ishirini na hatujui jua liko wapi.

Sasa nifike kwa ninayempenda. N. V. Parekh, Mhindi wa Kenya aliyezaliwa 1923, alifungua studio hapa Mombasa katika miaka ya 1940 akiwa kijana wa umri wetu, na akaiendesha hadi miaka ya 1980 alipohamia Uingereza. Kama hujawahi kuziona picha zake, acha kusoma, nenda kazitafute, kisha urudi.

Umeziona? Rangi hakuna, nyeusi na nyeupe tupu. Waswahili, Wahindi, Waarabu, watu wa bara, wote wanapita kwenye sakafu moja. Maarusi. Marafiki wawili wa kike wamevaa sare kutoka juu hadi chini. Kijana amekunja mkono kama mwigizaji wa filamu ya Kihindi, maana wakati huo sinema za Mombasa zilijaa hizo, na watu walikuja studio kichwani washajipanga watakavyosimama. Unaona kabisa kwamba aliyepigwa ndiye aliyeamua. Mpiga picha amemsaidia tu.

Kwa vifaa hakuna la ajabu. Studio nyingi za zama hizo zilikuwa hivyo: kamera kubwa juu ya miguu mitatu, taa mbili tatu za moto, pazia, na filamu pana ambayo fundi aliweza kuinamia na penseli nyembamba akaondoa chunusi moja moja. (Ndiyo, kuchubua uso kwenye picha hakukuanza na simu yako.) Ukitaka kuinunua hesabu nzima ya vifaa vile kwa bei ya leo, sidhani ingeifikia simu mpya ya kifahari. Kilichokuwa ghali ni muda. Kila picha ilikula filamu, na filamu ni pesa, kwa hiyo fundi hakubonyeza mpaka wewe na yeye mmekubaliana.

Yule bibi naye alinihadithia siku ya pili nilipokwenda, mara hii bila kamera. Miaka ya 1960, yeye na dada zake wawili walikwenda studio wamevaa mabuibui, mama yao akaketi mlangoni. Ndani wakavua mabuibui, wakachana nywele, wakapaka wanja, dhahabu ya kuazima shingoni. Wakapigwa. Wakavaa tena, wakarudi nyumbani kama waliotoka sokoni. Zilitolewa nakala mbili. Moja ikapelekewa mchumba aliyekuwa baharini, moja iko kwenye sanduku lake, imefungwa ndani ya leso, na mjukuu mwenyewe ameiona mara moja tu. Sikuomba kuiona.

Nilimuuliza swali moja: ile filamu alibaki nayo nani? Akanyamaza. "Yeye," akasema. "Lakini tulikuwa twamjua."

Ndivyo ilivyokuwa kila mahali, filamu ilibaki kwa mwenye studio. Zanzibar iko Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod T. Oza mwaka 1930 na mwanawe akaiendeleza. Hazina ya picha za mji ule iko humo. Na picha za Parekh, mwaka 2017 na 2018 zilikuwa katika maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili yaliyozunguka Marekani, yakapita hata kwenye jumba la Smithsonian la sanaa za Afrika kule Washington. Nilipogundua nilifurahi mno. Mombasa, bwana, ukutani Washington! Halafu usiku nikawaza: yule msichana wa miaka ya 1960, aliyevua buibui kwa dakika kumi kwa sababu "twamjua", ameulizwa? Na bila picha hizo kutoka nje, mimi ningejuaje kwamba mji wangu ulikuwa hivi? Mambo haya mawili yote ni kweli na sijapata namna ya kuyapatanisha. Ukipata, nambie.

Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyeishi 1932 hadi 1993, aliyejifunza mwenyewe na akawa akikata picha na kuzipachika juu ya nyengine kwa mkasi na subira, mambo ambayo leo twaita ubunifu wa programu. Kwa Bakor naweza kujaza insha nyengine nzima, kwa hivyo nitajizuia.

Miaka ya 1980 na 1990 kitovu kilihama. Feri ya Likoni. Vijana, wengi kutoka bara, walijenga vibanda vya picha pale abiria wanaposubiri, nyuma wakatundika mapazia yaliyochorwa meli, ndege, majumba ya ghorofa. Kamera ndogo za filamu ya milimita 35, picha za rangi. Kibarua aliyetoka Nyeri au Kisii alisimama mbele ya meli ya rangi ya mafuta, akapigwa, akaituma nyumbani: mwanenu yuko Mombasa na mambo si mabaya. Heike Behrend, mtafiti Mjerumani, aliandika makala kuhusu wapiga picha hawa mwaka 2000. Fujo za Likoni za Agosti 1997 ziliwalenga watu wa bara, na wengi wa wapiga picha hao walikuwa wa bara. Kisha zikaja simu. Sisi wengine tulizaliwa pazia zishaondolewa.

Na rangi ilikuja na tatizo lake, ambalo ukinunua kamera leo bado linakuhusu. Filamu ya rangi ilitengenezwa na watu weupe kwa ajili ya watu weupe. Maabara za Kodak zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, kwa jina la mmoja wao. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth alichunguza historia hiyo, akakuta kwamba mabadiliko yalisukumwa pia na malalamiko ya wauza chokoleti na wauza samani za mbao: bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri pichani. Si sisi tulioonewa huruma, ni chokoleti! Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengeneza filamu Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji, alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyo. Na mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6 walitangaza kama jambo jipya kwamba kamera yake inaheshimu ngozi nyeusi. 2021!

Lakini sehemu kubwa ya tatizo unaweza kuitatua mwenyewe, bila senti. Kamera haijui unapiga nini. Mita yake ya mwanga hudhani kwamba dunia yote, ukiikoroga pamoja, ni kijivu cha wastani. Sasa tazama mji wetu: kuta zimepakwa chokaa, mzee amevaa kanzu nyeupe, jua la saa saba. Kamera inaona weupe mwingi, inasema "mwanga umezidi", inapunguza, na uso wa mzee unakuwa mweusi kama chungu. Geuza: dada amevaa buibui, amejaza fremu nzima. Kamera inaona weusi, inasema "giza hili", inaongeza, uso unaungua. Kitufe cha kurekebisha kipo, chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mbele ya ukuta mweupe, jumlisha moja. Mbele ya buibui, toa kidogo. Au fanya kama mafundi wa studio, mtoe mtu juani, muweke kivulini mlangoni, uso uelekee nje. Milango ya Mji wa Kale ni studio za bure, mwanga unaingia umeshalainika.

Haya, sasa jibu la kamera.

Nunua mwili wowote wa mtumba unaobadilisha lenzi, usiozidi uwezo wako. Usihangaike na megapikseli. Kamera ya megapikseli kumi na mbili, ambayo watu wanaitupa, inatoa picha safi ya ukubwa wa A4, na Instagram wenyewe wanaikata ndogo kuliko hiyo. Kaza macho kwenye lenzi, na hapa nina msimamo: moja, fupi, isiyovuta. Kwenye kamera nyingi za bei yetu sensa ni ndogo, kwa hiyo lenzi hujivuta yenyewe. Kwa Canon za aina hiyo zidisha kwa 1.6. Ile 300 yangu ilikuwa sawa na 480. Ile ya milimita 50 ya bei nafuu ambayo kila mtu anaisifu inakuwa 80, nzuri kwa uso wa mtu. Ile nyembamba ya milimita 24 inakuwa kama 38, na hiyo ndo ninayotembea nayo, kwa sababu vichochoro vyetu ni vyembamba na huna pa kurudi nyuma.

Hesabu nyengine, hii niliifanya barazani kwa kupima hatua. Ukitaka kumpiga mtu kwa lenzi ya 50 ukiwa mita mbili, picha ile ile kwa lenzi ya 300 utasimama mita kumi na mbili. Kwa mita mbili lazima uamkie. Kwa mita kumi na mbili unaweza hata usijulikane kuwa upo. Kwa mita mbili mtu ana nafasi ya kuvuta leso yake kichwani.

Na kabla hujalipa, hapa pwani, fanya jambo moja: ivue lenzi, iangalie kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, achana nayo hata uuziwe bei ya mandazi. Unyevu wetu na chumvi ya bahari vinaua lenzi polepole. Usiifungie kabatini kwenye mkoba wa ngozi. Weka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Viatu vya familia nzima, kusanya. Itumie kila wiki, lenzi inayopata hewa na mwanga haioti kuvu haraka.

Lile swali la pili sasa, picha inakwenda wapi. Enzi za Parekh nakala zilikuwa mbili, na sanduku. Zetu zinakwenda Oman kabla hujafunga kifuniko cha lenzi. Harusi zetu za kina mama zimeshalijua hili kitambo: mlangoni simu zinakusanywa, mpiga picha ni mwanamke, na kadi ya kumbukumbu anakabidhiwa bi harusi mwenyewe. Watu wa nje wanaona ni ushamba. Mimi naona ni ule mpango wa studio tu, umerekebishwa kidogo: wanawake safari hii wamekumbuka kuidai filamu.

Serikali nayo imefika huko huko. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu picha ya uso wako kuwa data yako binafsi, na Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kumweka mteja mtandaoni bila idhini, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Mimi nilipona na faini ya kuchagua mchele, kwa sababu hilo ndilo alilonitaka bibi nilifanye pale barazani wakati tukiongea. Pishi nzima.

Mara ya nne kwenda, yeye ndiye aliyesema niende na kamera. Nikachukua ile lenzi fupi. Alijifunga leso mpya, akaketi mlangoni, uso nje, akanielekeza nisimame wapi. Tulipiga sita. Nikazichapisha zote kwenye karatasi, nikampelekea. Akachagua mbili, nne akanirudishia nizichane mbele yake, nikazichana.

"Na zile zilizo humo ndani?" akauliza, akiigonga kamera kwa kidole.

Nikampa kadi. Aliitazama, ndogo kama ukucha, akacheka, akaifunga kwenye pindo la leso. Kwa hiyo picha hiyo hamtaiona hapa, na mimi pia sijaiona tangu siku hiyo.

Kadi nyengine nimeshanunua. Ile lenzi ya 75 hadi 300 naiuza, haina kuvu, yafaa sana kwa ndege wa mikokoni kule Tudor na kwa mpira. Anayeitaka anitafute.